Darubini ya 8x32: tumeitumia makumbusho na hifadhini

Tulipopanga siku moja ya makumbusho asubuhi na hifadhi ya asili alasiri, nilikuwa nimeshaweka kwenye begi darubini yetu ya zamani ya 10x50. Mke wangu akaniuliza ataibeba nani kutwa nzima. Nikaenda kununua hii ndogo, na sasa tumeshatoka nayo mara mbili.

Kwa asiyezijua namba hizi, 8 ni mara ambazo kitu huonekana kimesogea karibu, na 32 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Zamani niliamini 10 lazima ishinde 8. Mikononi mwa binti yangu wa miaka saba haikuwa hivyo, kwa sababu mtetemo wa mkono nao hukuzwa mara kumi. Alikuwa akizungusha tu, anasema "simwoni, baba," mpaka ndege ameruka. Kwa hii alimpata mdiria tawini peke yake, akamkazia macho mpaka alipochupa majini.

Lakini faida kubwa niliiona makumbusho, mahali ambapo sikutegemea kabisa kuitoa kwenye begi. Hii inaona vizuri kitu kilicho mita 2 tu mbele yako. Ile ya zamani ilihitaji zaidi ya mita 6. Mama yangu hawezi kusimama muda mrefu. Alikaa kwenye benchi katikati ya ukumbi, akasoma vibao vya maelezo vya ukuta wa pili, kisha akawahesabia wajukuu pingili za uti wa mgongo wa nyangumi aliyening'inizwa darini. Anavaa miwani, kwa hiyo zungusha vile vikombe vya mpira vya machoni viingie ndani, vinginevyo ataona kiduara kidogo tu.

Mkanda wa darubini hii ni mwembamba, unakata shingo, nimeubadilisha. Giza likianza kuingia inazidiwa pia: gawanya 32 kwa 8 upate milimita 4, upana wa mwanga unaofika jichoni, wakati 10x50 inatoa 5. Kama safari yenu ni ya alfajiri au magharibi hasa, bora 8x42 hata kama ni nzito zaidi.

Nenda dukani na mtoto mwenyewe. Macho yake yamekaribiana kuliko yako, na darubini nyingine hazikunjiki vya kutosha, akaishia kuona duara mbili. Kirekebishi cha jicho la kulia, kinacholinganisha macho mawili yasiyoona sawa, kishughulikieni nyumbani, usiku wa kuamkia safari. Na kabla hujamkabidhi, mwambie asiielekeze juani hata mara moja, kwani inaunguza jicho papo hapo.

Tunanunua ya pili ya aina hiihii. Watu watano kwa darubini moja, na kereng'ende hamsubiri mtu.