Saanane na watoto: uzoefu wangu wa kupanga safari ya kwanza ya familia

Kosa linaloharibu safari ya Hifadhi ya Kisiwa cha Saanane, Mwanza, kuliko mengine yote hufanyika nyumbani, siku kadhaa kabla: mtoto anaahidiwa tembo. Kisha familia inavuka, inazunguka nusu saa, na swali linaanza, "Baba, wanyama wako wapi?" Saanane si Serengeti ndogo. Hifadhi nzima ina kilomita za mraba 2.18, na humo humo yamo maji. Ni visiwa vitatu vya majabali ndani ya Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, kama kilomita mbili tu kutoka katikati ya jiji. Waambie watoto wanakwenda kupanda boti, kupanda mawe na kutafuta pimbi, nao wataomba kurudi. Mimi naipa nyota nne kati ya tano kwa familia yenye watoto wa miaka mitano hadi kumi na miwili. Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya jua na udogo wa eneo. Kijana wa kidato cha tatu anakimaliza kisiwa kabla hajachoka, kisha anatoa simu.

Wenyeji wenye umri mkubwa bado wanaiita "zuu", na wana sababu. Kisiwa kina jina la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyeishi hapo kabla serikali haijakichukua. Mwaka 1964 kikawa bustani ya kwanza ya wanyama nchini, wanyama wakubwa wakavushwa kutoka bara. Kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Kwa hiyo Babu akisimulia wanyama aliowaona zamani hasemi uongo, ila usiifanye simulizi yake kuwa ratiba. Kama kuna mnyama fulani mtoto amemng'ang'ania, hasa wale wa ndani ya uzio, uliza ofisini kwanza kama bado yupo.

Utakaowaona bila kubahatisha sana ni pimbi, swala pala, tumbili, kenge na mijusi. Anza na pimbi, maana huyo ndiye anayeokoa ahadi ya tembo: kwa ukoo, pimbi ni miongoni mwa jamaa wa karibu zaidi wa tembo walio hai leo, ingawa kwa umbo utadhani ni sungura aliyekatwa masikio. Mwili wake hauwezi kujirekebishia joto vizuri, hivyo asubuhi hutoka kuota jua juu ya mawe, na jua likikolea hujichimbia kwenye nyufa. Ukifika saa tano umemkosa. Dalili ya kumtafuta ni michirizi myeupe kwenye majabali, ambayo ni mabaki ya mkojo wake wa siku nyingi. Watoto wakishajua hilo hawaachi kuhesabu michirizi.

Wa pili ni mjusi dume mwenye kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu. Huyu amebeba jina la mji wetu hata katika sayansi, Agama mwanzae. Hukaa kwenye jiwe la wazi akipiga kama pushapu. Usimkimbilie, kaa hatua tatu nne mbali naye, utulie, atarudi mwenyewe. Juu angalia furukombe, na kwenye mawe ya majini utaona mnandi amekunjua mabawa ayakaushe.

Sasa malipo, ambapo asubuhi nyingi hukwama. Unaanzia ofisi ya hifadhi iliyoko Capri Point, na boti huondokea hapo hapo. Usibebe fedha taslimu ukategemea kulipia dirishani: unapewa kontrol namba, unalipa kwa simu au benki. Mambo matatu hukwamisha. Kwanza, salio limewekwa sawasawa na kiasi, makato ya muamala yakasahauliwa. Pili, kila mtu analipa peke yake, foleni inarefuka. Chagueni mlipaji mmoja na fedha zote ziwe kwenye simu yake tangu jana usiku. Tatu, mtu amelipa kiingilio akadhani kimemaliza kila kitu. Uliza kwa majina: kiingilio, boti, mwongozaji. Je, vyote vimo au kuna cha pembeni?

Umri hubadilisha hesabu. Walio chini ya miaka mitano hawalipi, wa mitano hadi kumi na mitano wana bei ya watoto, na kuanzia kumi na sita ni mtu mzima. Kama una mtoto wa miaka kumi na nne aliyekupita urefu, beba nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, vinginevyo utajikuta unabishana. Watu wazima wabebe vitambulisho vya taifa. Shemeji aliyetoka nje na pasipoti ya nchi isiyo ya Afrika Mashariki ana bei tofauti, hivyo mwambie mapema asije akadhani mnamgeuza mtaji.

Boti ni safari fupi, chini ya robo saa, lakini jaketi la kuokolea si pambo la picha. Mji wenye makaburi ya abiria wa MV Bukoba, meli iliyozama ziwani, pale Igoma, tangu Mei 1996, hauhitaji somo refu. Kinachosumbua ni saizi: mtoto mdogo akivalishwa jaketi la mtu mzima, akianguka majini linapanda juu usoni na yeye anachomoka chini. Kipimo chake ni rahisi. Funga mikanda yote, mwambie anyooshe mikono juu, kisha shika mabega ya jaketi uvute. Likifika masikioni, ni kubwa, omba jingine. La mtoto mdogo linafaa liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Fanya haya gatini, si boti ikishaanza kuondoka. Mwenye mtoto wa mgongoni amfungue kanga na kumpakata mbele, kwa sababu jaketi halivaliwi juu ya mbeleko.

Kwa saa za kuvuka, shauri langu halibadiliki: gatini saa mbili asubuhi, kurudi kabla ya saa saba mchana. Pimbi ni sababu moja, ziwa ni nyingine. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Jua likipanda, hewa ya nchi kavu inapanda juu na ya ziwani inavuma kuja kuziba nafasi. Ndiyo maana maji yaliyolala kama kioo asubuhi yanaanza kuchafuka alasiri, na boti ndogo inayorudi saa kumi inawalowesha wote. Juni hadi Septemba ni kiangazi, mvua haikusumbui ila upepo upo. Oktoba hadi Desemba na Machi hadi Mei ni misimu ya mvua. Radi zikiunguruma alfajiri juu ya ziwa, usighairi safari mara moja. Subiri wingu lipite. Ila nahodha akisema hatuvuki, usimbembeleze wala usimwongezee chochote.

Epuka Iddi Pili, Jumatatu ya Pasaka na siku inayofuata Krismasi kama una watoto wadogo. Kisiwa ni kilekile, watu ni mara nyingi zaidi, na wanyama hujificha. Siku ya kazi ni tulivu, isipokuwa siku ambayo shule imeleta basi zima.

Kuhusu mavazi nitasema kidogo: raba, si kandambili. Majabali haya ni ya itale, yamelainishwa na miaka, na yakiwa na umande yanateleza kama sabuni; jua likipanda yanaunguza nyayo. Kofia kwa kila mtu. Tuko kwenye mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, jirani na ikweta, na upepo wa ziwani unakudanganya kwamba hakuna joto hadi usiku mtoto anapolia shingo inawaka.

Maji ya kunywa kwa watu wazima wawili na watoto wanne: lita 6, yaani chupa 12 za nusu lita. Watu wazima chupa tatu kila mmoja, watoto moja na nusu. Nachagua chupa ndogo kwa sababu kila mtu anabeba zake, dumu la lita tano humuumiza mtu mmoja na wengine wanalisahau. Chakula kiwe kisichomwagika wala kuhitaji kunawa sana: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ndivyo vitafunwa bora kuliko vyote, havichachi, havipondeki, na mtoto akivitafuna ananyamaza robo saa nzima. Sato wa kukaanga muacheni nyumbani; miiba, mafuta na tumbili havipatani. Beba kwenye kikapu au hotipoti. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019.

Tumbili nao wana sheria zao. Wanatambua ndizi na mlio wa pakiti ya krispi kutoka mbali. Mtoto asimenye ndizi akitembea, asile peke yake pembeni, na akinyang'anywa aachie, maana kung'ang'ana ndiko kunakoleta kuumwa. Kuwalisha "kidogo tu kwa picha" ndiko kulikowafundisha wizi. Mfuniko wa kikapu ufungwe kwa kamba. Zipu ya begi wanaijua.

Jambo ambalo wageni hulipuuza ni kugusa maji. Fukwe ndogo za kisiwa zinavutia, maji ni ya vuguvugu, na mtoto anataka kuloweka miguu. Jibu ni hapana. Mamba ni sababu moja. Ya kila siku zaidi ni kichocho cha matumbo, ambacho kimeenea sana pwani hii ya ziwa. Viluwiluwi vya minyoo yake hutoka kwenye konokono wa maji ya kina kifupi, kwa wingi mchana jua likiwa kali, na hupenya ngozi kwa dakika chache bila maumivu. Tone la kurushwa na boti si la kutisha. Hatari iko pale kwenye ukingo wenye majani na maji yaliyotulia. Mtoto akiingia bahati mbaya, mtoe, mkaushe kwa taulo papo hapo kwa kusugua, lakini usiamini kwamba taulo imemaliza kazi. Wala kukimbilia dawa kesho yake si kinga, kwa sababu prazikwanteli, dawa ya kichocho, haiui vizuri minyoo michanga. Mpeleke kupimwa baada ya wiki sita hadi nane, au mapema zaidi akipata homa, kuwashwa, maumivu ya tumbo au damu kwenye choo.

Kisiwani, anzeni na majabali ya juu wakati bado kuna ubaridi, halafu mshuke kivulini kula kama saa tano. Familia nyingi hufanya kinyume: zinafungua hotipoti mara zinaposhuka kwenye boti, kisha zinapanda mawe saa sita na matumbo mazito. Tembeeni kwa kasi ya mtoto mwenye miguu mifupi kuliko wote. Huyo ndiye ratiba. Bibi mwenye magoti mabovu asiachwe nyumbani, aketi kivulini na mtu mzima mmoja, ajionee tumbili na kulinda kikapu, kazi ambayo ataifanya vizuri kuliko sisi. Watoto wote wapite msalani kabla ya boti, kwenda na kurudi.

Kufika Capri Point ni kwa bajaji au teksi kutoka mjini. Familia ya watu sita haienei kwenye bajaji moja, chukueni mbili au teksi, na mpatane bei kabla ya kukaa. Mkirudi, simameni dakika kumi kwenye Jiwe la Bismarck, lile jabali lililosimama juu ya mengine ziwani. Liko njiani na watoto hupenda kubishana lilisimamaje hivyo.

Ziwa likigoma asubuhi hiyo, usilazimishe Serengeti kwa siku moja na watoto wadogo. Hadi geti la Ndabaka, upande wa barabara ya Musoma, ni zaidi ya saa mbili, na ndani mtoto anakaa garini siku nzima. Geuza kuelekea Bujora, Kisesa, kama kilomita 20 kutoka mjini. Pale kuna makumbusho ya Wasukuma: ngoma za kila ukubwa, vifaa vya watemi, nyumba za asili, na mtoto anaweza kuzunguka kwa miguu yake. Saa mbili zinatosha. Wiki ya Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, kwenye Juni au jirani yake kufuatana na sikukuu ya Ekaristi, panajaa wachezaji wa Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, wengine na nyoka mkononi. Hapo mtoto muoga mketishe mbali kidogo na uwanja, na fika kabla ya umati.