Fataki za kiangazi kwenye maziwa ya milimani Japani: lipia kitanda kabla ya kiti

Wengi wanaopanga kwenda Japani mwezi wa nane kutazama fataki huanza kwa kuulizia tiketi za kukaa mbele. Ushauri wangu ni kuanza na chumba. Ukikosa kiti utatandika mkeka nyuma kidogo na bado utaona. Ukikosa pa kulala, utajikuta stesheni saa sita usiku kwenye foleni isiyosogea, mtoto amekulalia begani. Miji hii imebanwa kati ya mlima na maji, barabara zake ni chache, na umati mzima huondoka kwa wakati mmoja.

Kwa nini ziwa la milimani, ilhali Tokyo nako fataki zipo? Kwa sababu ya maji na mwangwi. Wajapani huziita hanabi, yaani maua ya moto, na juu ya ziwa kila ua huchanua mara mbili, angani na majini. Halafu mshindo. Unakupiga kifuani, unavuka ziwa, na milima ya ng'ambo inakurudishia. Hakuna picha ya simu inayobeba hilo.

Mpangilio huu ni kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza, asiye na gari.

Ya kwanza: Ziwa Suwa, siku za kawaida. Liko mkoa wa Nagano, mita 759 juu ya usawa wa bahari. Sifa zote huenda kwa tamasha kubwa la tarehe 15 Agosti, lakini kuanzia mwisho wa Julai hadi mwisho wa Agosti mji wa Suwa ulio kando yake hurusha fataki karibu kila usiku, saa mbili na nusu, kwa muda wa kama robo saa. Hulipii chochote. Unakula chakula chako cha jioni, unatoka na kandambili hadi ufukweni, unatazama, unarudi kulala. Kutoka Shinjuku, stesheni kubwa ya Tokyo, treni ya Azusa hufika stesheni ya Kamisuwa kwa saa mbili na kitu. Viti vyake vyote ni vya kuwekewa nafasi, kwa hiyo nunua tiketi mapema. Pale pale kwenye jukwaa la stesheni kuna birika la maji ya chemchemi ya moto la kuloweka miguu. Ukitaka kuliona ziwa zima kutoka juu, panda bustani ya Tateishi mchana, au nenda na teksi, maana mlima wake ni mkali.

Robo saa inatosha? Kwa maoni yangu, ndiyo. Na mvua ikiharibu leo, kesho ipo. Hicho ndicho unachokinunua hapa: usiku wa pili.

Ya pili: Ziwa Toya, Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani. Hili liko chini zaidi, lakini limezaliwa na volkano na limezungukwa na milima. Mlima Usu ulio kando yake ulilipuka mwaka 2000. Tangu 1982 wamekuwa wakirusha fataki kila usiku kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwisho wa Oktoba, saa tatu kasorobo, kwa dakika 20 hivi. Mashua zinazorusha hutembea mbele ya hoteli, hivyo karibu kila mgeni hupata zamu ya kuziona uso kwa uso. Hapa lipia vitu viwili bila kusita: chumba kinachotazama ziwa, na tiketi ya meli ya kutazamia fataki. Siliweki la kwanza kwa sababu ya umbali tu. Kama tayari unakwenda Sapporo, jiji kuu la Hokkaido, lipe nafasi ya kwanza.

Ya tatu: Ziwa Suwa, tarehe 15 Agosti. Kwa ukubwa tamasha hili halina mpinzani kwenye orodha hii. Lilianza 1949, watu wakijiinua kutoka kwenye magumu ya baada ya vita, na kwa miaka mingi limehesabiwa kuwa na fataki 40,000 hivi kwa usiku mmoja. Nyingine hupasuliwa usawa wa maji, ukaona nusu duara la moto limekaa juu ya ziwa kama jua linalochomoza. Basi kwa nini la tatu? Kwa sababu mji wa watu wasiofika 50,000 hupokea wageni laki kadhaa, tena katika siku za Obon, familia zinapokumbuka marehemu wao, treni zimejaa na bei za vyumba zimepaa. Mwaka 2013 dhoruba ya radi ilikatiza tamasha katikati. Ukilitaka kweli, tafuta chumba miezi sita kabla, na soma masharti ya tiketi kuhusu mvua kabla ya kulipa. Vyumba vya Suwa vikiisha, lala Matsumoto, mji wa jirani, badala ya kurudi Tokyo.

Ya nne: maziwa yaliyo chini ya Mlima Fuji. Kwa desturi, matamasha hapa hufuatana mwanzoni mwa Agosti: Yamanaka tarehe 1, Kawaguchi tarehe 5, na mengine kati yake. Ni karibu, basi kutoka Shinjuku huchukua kama saa mbili. Lakini jihadhari na picha za matangazo. Fataki zenye Fuji mweupe kwa theluji nyuma yake ni za majira ya baridi, ambapo Kawaguchi huwa na maonyesho yake ya Januari na Februari. Kiangazi Fuji hana theluji, na usiku humwoni ila kwa mstari wa taa za wapandaji wanaojikokota kuelekea kileleni. Mimi mstari huo naupenda, lakini ujue unacholipia. Usitegemee basi la kurudi usiku huohuo.

Ziwa Ashi la Hakone, mji wa mapumziko wa milimani, tarehe 31 Julai, ni zuri kwa aliyekwisha panga kulala Hakone. Kulifuata peke yake sioni sababu.

Wenye pasipoti za Kenya au Tanzania huhitaji viza, kwa hiyo chagua chumba kinachoruhusu kughairi bila faini mpaka viza itoke. Ryokan, nyumba za wageni za kijadi, hutoza kwa kila kichwa, na mara nyingi bei inajumuisha chakula cha jioni na asubuhi. Usishtuke kabla ya kulinganisha. Pasi ya treni ya watalii ya wiki moja (Japan Rail Pass), iliyopandishwa hadi yen 50,000 Oktoba 2023, hairudishi pesa yake kwa safari moja ya Suwa.

Mkeka utaupata kwenye maduka ya yen 100. Ukikuta turubai limetandikwa tangu mchana bila mtu, pana mwenyewe, usiketi. Beba pesa taslimu kwa vibanda vya chakula: mahindi ya kuchoma yapo, barafu ya kukunwa yenye shira ipo, ila tambi za yakisoba kwa kawaida huwa na nguruwe, uliza kwanza. Na hata kama mchana ulikuwa wa jasho, chukua sweta. Yamanaka iko karibu mita 980, na upepo wa ziwa usiku hauna mzaha.