Geuza Mdoli Kwanza: Uchambuzi wa Vitu vya Kuchezea Kutoka Kariakoo

Karibuni tena wapendwa. Mezani leo kuna simu ya kuchezea, kayamba la plastiki, dubu wa manyoya na kigari cha mbao. Vyote nimenunua Kariakoo, na kila muuzaji aliniapia kwamba chake kinamfaa mtoto yeyote. Mimi namchagulia mtoto wa mwaka mmoja na nusu, umri ambao kila anachookota kinaishia mdomoni.

Tuanze na simu, maana ndiyo inayogombaniwa dukani. Inawaka, inaimba, inabweka. Haya, tuigeuze. Mnaona mfuniko wa betri? Nausukuma kwa ukucha tu… huo, umetoka! Hauna skrubu. Na kilichodondoka ni betri bapa ya duara, imeandikwa 2032. Namba hizo ni vipimo: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Kwa upana huo, mtoto mdogo akiimeza inaweza kumkwama kwenye njia ya chakula.

Hapa naomba tusikilizane. Betri hii haingoji kupasuka ndipo idhuru. Ikilowa mate, umeme unapita, na pale ilipokwama inatokea kemikali kali inayounguza nyama. Saa 2 zinatosha kuacha kidonda kibaya. Hata betri iliyoisha, isiyowasha taa tena, bado inaunguza. Tena dalili zake zinadanganya: udenda mwingi, kukohoa, kukataa chakula. Bibi atasema ni meno, dada atasema ni mafua. Ukishuku tu, kimbilia hospitali na useme wazi kwamba huenda ni betri, ili apigwe eksirei haraka, kwani kwenye picha inafanana na sarafu. Usimtapishe. Kama ameshatimiza mwaka na bado anaweza kumeza, mpe vijiko viwili vya chai vya asali kila dakika 10 mkiwa njiani; asali inapunguza kuungua. Lakini usichelewe kuondoka eti unatafuta asali. Aliye chini ya mwaka, asali hapana.

Simu imefeli. Ingekuwa na skrubu ningeisamehe hata hizo kelele.

Kayamba: nalivuta, nalikunja, naligonga sakafuni. Halijaachia mshono. Ndani kuna punje, na punje ndizo ninazoziogopa. Chukua lile bomba la katikati ya karatasi ya chooni. Kitu kinachopenya humo usimpe mtoto wa chini ya miaka 3. Maabara wanatumia kopo lenye upana wa sentimita 3.17, hilo bomba ni pana zaidi kidogo, na afadhali hivyo. Kayamba zima halipenyi. Limefaulu, ila siku likipata ufa, litupwe.

Dubu ana macho ya plastiki yaliyogundishwa. Moja limebaki mkononi mwangu. Tafuteni wenye macho ya kudarizi, basi.

Kigari hiki ndicho nilichokipenda. Mbao tupu, imepigwa msasa, magurudumu yameshikwa kwa vijiti badala ya misumari. Kingekuwa na rangi ningeuliza maswali, kwa sababu risasi, ile metali yenye sumu, ikiwa kwenye rangi haionekani wala hainuki. Na msidhani jina kubwa linatosha: mwaka 2007 Mattel yenyewe, kampuni kubwa ya midoli ya Marekani, iliondoa sokoni midoli mingi kwa ajili ya rangi yenye risasi.

Kuhusu nembo kwenye boksi: ile ya duara jekundu lenye uso wa mtoto na 0-3, iliyopigwa mstari, maana yake si cha mtoto wa chini ya miaka 3. Iheshimuni. Herufi CE, alama ya kwamba kitu kinafuata masharti ya usalama ya Ulaya, mara nyingi anaziweka mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo mimi hazinitoshi. Bado nitageuza, nitavuta.

Nitakayompelekea mtoto ni kigari na kayamba. Ile betri ya simu nimeshaizungushia selotepu pande zote mbili kabla ya kuitupa, na simu imeifuata.