Bujora, Kisesa: ukiweza, nenda siku ya ngoma

Wengi wetu kutoka Dar tukifika Mwanza tunapiga picha na Jiwe la Bismarck, tunakula sato, muda ukiruhusu tunavuka kwenda kisiwa cha Saanane, basi. Shemeji yangu anayeishi Igoma ndiye aliyenikomalia: ukirudi kwenu bila kufika Bujora, usimwambie mtu kwamba umefika Usukumani.

Bujora ni Makumbusho ya Wasukuma. Yapo Kisesa, wilaya ya Magu, kilomita kama 20 kutoka katikati ya jiji kwa barabara ya Musoma, ndani ya eneo la parokia ya Kikatoliki, kwenye mwinuko wenye yale majabali ambayo Mwanza nzima imejaa. Nimekwenda siku ya kawaida na nimekwenda wakati wa Bulabo, sikukuu ya mashindano ya ngoma. Nitazieleza zote mbili, maana mtu aliyeiona moja hajaiona nyingine.

Usafiri kwanza, kwa sababu hapo ndipo wageni wanapopigwa. Wakala mmoja wa mjini alinitajia bei kwa dola, gari na dereva na "mwongozaji maalumu", hela ambayo ningeishi nayo Mwanza wiki nzima na chenji ikabaki. Nikamshukuru, nikapanda daladala ya Kisesa. Ukishuka unachukua bodaboda, au unatembea kama jua halijapanda. Ukiuliza Bujora, hata mtoto anakuonyesha. Ukifika omba mtu wa pale akuzungushe. Usizunguke peke yako ukidhani utasoma vibao. Mahali pale panasimuliwa.

Mzee aliyenipokea alianza na "Mwangaluka", nami nikajibu kwa Kisukuma changu cha kuungaunga, akaniuliza mimi ni mtu wa wapi. Niliposema Mzaramo alicheka mpaka akashika nguzo. Wazaramo na watu wa Unyamwezi na Usukuma ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakiteremka pwani na pembe za ndovu mabegani. Kuanzia hapo sikuheshimiwa tena. "Ninyi mlitupa makombe ya bahari, sisi tukawapa ndovu mzima, na bado mnajiona wajanja!" Nikajua ni utani tu. Baadaye, kwenye mavazi ya watemi, akanieleza habari ya lile duara jeupe ambalo watawala wa Unyamwezi na Usukuma walilivaa kama alama ya utawala. Limekatwa kwenye gamba la konokono wa baharini. Yaani kitu ambacho kwetu watoto wanakiokota ufukweni, kikibebwa miezi kadhaa hadi bara kinakuwa alama ya mfalme. Sikuwa na la kumjibu mtani wangu.

Jengo la watemi ndilo la kuanzia. Limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na humo ndimo zilimo ngoma za kitemi. Usukuma haukuwa na mfalme mmoja. Ulikuwa na tawala nyingi ndogondogo, kila moja na mtemi wake, na kila mtemi na ngoma zake. Ngoma hizo hazikuwa za kuchezea harusi. Zilipigwa mtemi aliposimikwa na kwenye mambo mazito ya nchi. Serikali ilipofuta utemi mwaka 1963, vitu vya namna hii vingeweza kuishia kwenye dari za nyumba za watu vikiliwa na mchwa, au kuuzwa kwa wazungu wa kukusanya vinyago. Ukikaa mbele ya zile ngoma ukafikiri hilo, unaelewa kwa nini mzee anazigusa kwa kiganja chote badala ya kuzionyesha kwa kidole.

Aliyeanzisha mambo haya ni padri, jambo lililonishangaza mimi mtoto wa madrasa. David Clement, mmisionari wa White Fathers kutoka Québec, Kanada, aliishi na Wasukuma hadi wakampa jina la Fumbuka, na makumbusho yakaanzishwa mwaka 1968. Kanisa la Bujora lenyewe usilipite. Limejengwa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na ndani yake utaona alama za utemi zikitumika kwenye ibada. Kuna watu watakaosema padri hana kazi na matambiko ya wenyeji, na kuna watakaosema kinyume chake, kwamba mila hazina kazi kanisani. Mimi nililitazama nikawaza tu kwamba huyu mtu alikuwa na jicho. Hatua chache kutoka kanisani vipo vibanda vidogo vya mizimu, kama vilivyojengwa kwenye miji ya watu, pamoja na nyumba ya mganga wa jadi, na hakuna aliyeona haja ya kuvificha. Ukiwa na kawaida ya kucheka vitu vya namna hiyo, jizuie. Wapo wageni wanaokuja pale ambao kwao si maonyesho.

Nyumba ya mhunzi niliipenda kuliko nilivyotegemea. Shemeji aliniambia nitaona "vyuma tu". Kumbe jembe la chuma lilikuwa mali, na mahari pia ililipwa kwa majembe, na wahunzi wa Kirongo wa upande wa Geita walisifika nchi nzima ya ziwa. Ukiiona mivukuto na mawe ya kufulia chuma unajiuliza ilikuwaje shuleni tukasoma kuhusu mapinduzi ya viwanda ya Uingereza na hatukusoma habari za watu hawa waliokuwa wakiyeyusha chuma kando ya ziwa letu wenyewe.

Halafu kuna banda dogo la kuhesabu. Hapa ndipo watoto wa dada yangu walipokaa muda mrefu kuliko kote. Wasukuma walikuwa na namna mbalimbali za kuhesabu moja hadi kumi, kila rika na yake, na banda limeziweka pamoja. Wavulana wana zao, wasichana wana zao, wakubwa vilevile. Watoto walizigeuza mchezo papo hapo, na njia nzima ya kurudi Mwanza tulihesabiwa nguzo za umeme kwa lugha ambayo konda aliisahihisha mara mbili, akicheka.

Hiyo ni siku ya kawaida: saa mbili au tatu hivi, umetulia, umesikia hadithi, umerudi. Ukiwa mtu wa kutaka skrini za kubonyeza na michezo ya umeme, Bujora hapakufai. Ni mabanda, vitu, na mtu anayevijua.

Bulabo ni habari nyingine. Huwa mwezi wa Juni kwa kawaida, kwa kufuata sikukuu ya Ekaristi Takatifu, kwa hiyo tarehe inahama na inabidi uulize kabla ya kukata tiketi. Watu wanakuja kutoka Magu, Kwimba, Misungwi, na mbali zaidi ya hapo, na wote wanakuja kuona pande mbili zikipambana: Bagika na Bagalu.

Kabla sijaona kwa macho nilidhani mashindano ya ngoma ni kama yale ya shuleni, kikundi kinapanda, kinashuka, majaji wanaandika alama. Sivyo kabisa. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, kila moja na uwanja wake, na jaji ni umati. Upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Kwa hiyo unasimama katikati, unasikia kishindo kulia, unageuka, watu wanakimbilia huko, na kabla hujafika wa kushoto wametoa jambo jipya, umati unarudi mbio na wewe umo ndani yake ukisukumwa. Niliona mchezaji akiwatoa watu machozi ya kicheko kwa sanamu ya mbao inayotikisa kichwa. Upande wa pili wakajibu kwa majembe: wale wa bugobogobo wanayarusha juu, yanazunguka, wanayadaka bila kukosa mpigo. Ngoma hiyo ilizaliwa mashambani, watu walipolima kwa pamoja huku ngoma ikiwapa mwendo, na bado ukiangalia migongo yao unaona wanalima.

Asili ya pande hizi inasimuliwa kwamba ni waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, na wafuasi wao wakarithi ushindani. Ndiyo maana habari ya dawa haikosekani. Mzee mmoja aliyeketi karibu nami alinihakikishia kuwa upande uliozidiwa siku ile haukuzidiwa kwa kucheza, "dawa yao ya mvuto imepoa, baba." Alisema kwa sauti ileile ambayo sisi tunaitumia kumlaumu kipa.

Wa nyoka je? Wapo. Bayeye ni chama cha watu wa nyoka, wanajua kuwakamata na wanajua dawa za sumu, na wanacheza na chatu akiwa mabegani. Ukiwa na mtoto mdogo kaa nyuma kidogo, maana chatu analetwa karibu na watazamaji na si kila mtoto ataona raha. Ukiwa mtu mzima mwenye kiburi pia kaa nyuma. Mimi nilikaa nyuma.

Nimeshaona "ngoma za asili" kwenye hoteli za ufukweni, dakika 15 kati ya supu na kitindamlo, wachezaji wakitabasamu kwa zamu. Sina ugomvi nazo, ni riziki ya watu. Ila Bujora wakati wa Bulabo mgeni hatafutwi. Hakuna anayegeuka kukuchezea wewe. Wanachezeana wao kwa wao, kwa sababu mwaka mzima mwenzao wa Bagika au wa Bagalu atakuwa anawakumbusha nani alishindwa. Kwangu hilo ndilo lililonifanya niipe sehemu hii nafasi ya juu kuliko makumbusho yoyote niliyotembelea nchini, na nasema hivyo nikiwa naipenda sana ile Kijiji cha Makumbusho ya kwetu Dar, barabara ya Bagamoyo.

Kisesa, kwa njia, si mahali pageni kwa mambo ya machifu. Septemba 2021 hapo hapo Kisesa ndipo Rais Samia aliposimikwa na machifu na kupewa jina la Hangaya, na bodaboda aliyenibeba alinionyesha uwanja bila kuulizwa.

Ya kuzingatia: vaa viatu vya kutembelea, maana ni mawe na vumbi. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa kwenye vibanda vya mizimu na kanisani. Beba noti ndogondogo. Ukienda siku ya kawaida mkiwa kikundi, uliza mapema kama mnaweza kuchezewa ngoma kwa malipo. Ni nafuu ya wale wasioweza kusubiri Juni. Siku ya Bulabo chukua maji ya kutosha, na ukubaliane na wenzako mahali pa kukutana, kwa sababu ule umati ukihama mtapoteana tu.

Njaa ikikushika, pale barabarani Kisesa ulizia michembe au matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, vikipikwa na karanga ndiyo bora. Kula mapema kisha uwahi stendi. Jioni ya Bulabo daladala za kurudi mjini zinajaa kabla hazijasimama, na wenyeji wana mbinu ya kupitia dirishani ambayo sisi wa pwani bado hatujaifikia.