Ubao wa herufi za sumaku: Chamwino unaandika, mama hauandiki

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma. Binti yangu ana miaka minne na anashinda nami kibandani mpaka mama yake atoke kwenye biashara. Nilitaka kitu cha kumshughulisha ambacho si simu, nikachukua ubao wa herufi za sumaku, ule wa plastiki wenye mkono wa kubebea, kwa shilingi 12,000 katika duka la vifaa vya shule la hapa mtaani.

Kama kitu cha kuchezea, hela yangu ilienda halali. Herufi ni kubwa, zinashikika vizuri na mkono mdogo, na vumbi letu la miezi ya upepo linatoka kwa maji tu. Halafu hazihitaji ule ubao. Zinanata kwenye miguu ya cherehani na kwenye geti la nyumbani, kwa hiyo mtoto anacheza akiwa amesimama, anazungukazunguka, hachoki haraka.

Shida ni kwamba ndani kuna herufi 26, kila moja ipo mara moja tu. Kwa Kiswahili hapo mambo yanakwama. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, na irabu zenyewe ni tano tu, lazima zijirudie. Sasa mtoto wa umri huu anataka kuandika nini? Mama, baba, bibi, dada, kuku. Hakuna hata moja linalowezekana! Mimi na mteja aliyekuwa anasubiri suruali ipunguzwe tukaanza kujaribu wilaya za mkoa wetu. Bahi ikakubali. Chemba, Kongwa na Chamwino zikakubali. Kondoa ikagoma kwenye o ya pili, Mpwapwa ndiyo usiseme, na Dodoma yenyewe ikaishia njiani. Muda wote huo Q na X zimekaa tu, hazina kazi.

Nikamrudia mama mwenye duka. Akaniambia, "Fundi, hiyo seti imekamilika, hesabu mwenyewe."

"Sawa mama, hebu niandikie baba."

Akaweka B, akaweka A, akapekua boksi, akacheka. Akaniachia seti ya pili kwa 10,000. Hapo ndipo ubao ulipoanza kazi.

Karatasi ya picha inayokuja nayo niliiondoa, maana picha zake zinafuata majina ya Kiingereza. Kwenye D kuna mbwa, kwenye C kuna paka, na kwenye X kuna marimba. Mtoto akiitazama anasema "marimba", na yuko sahihi kabisa, ila X haijamfundisha kitu.

Badala yake tunatumia kanga. Naletewa kanga za kupinda karibu kila siku, na jina la kanga huwa limeandikwa kwa herufi kubwa, sawasawa na hizi za sumaku. Naitandaza mezani, namwonyesha herufi moja kwenye jina, anaitafuta kwenye boksi na kuipachika kwenye mguu wa cherehani. Kisha namsomea jina lote, naye analirudia kwa sauti ya shangazi zake mpaka wateja wanageuka. Jina la herufi simtajii, namtajia silabi nzima. A inabaki pale pale, tunabadilisha ya mbele tu: ma, ka, la, ta. Jioni moja alipanga K-A-T-A, akaisoma taratibu, akautazama mkasi wangu. "Baba, nikate?" Nikampa kipande cha kitambaa na mkasi wa shuleni usio na ncha.

Ila kuna jambo linalonikera kweli. Nyuma ya kila herufi kuna kidonge cha sumaku kilichobandikwa kwa gundi, na gundi yenyewe ni ya kubahatisha. Kile cha F kilibanduka mapema. Mtoto akimeza sumaku mbili, zinaweza kuvutana zikiwa sehemu tofauti za utumbo, zikabana nyama iliyo katikati hadi kuutoboa. Hilo ni la kukimbilia hospitali, si la kusubiri choo. Kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni, usinunue. Na mafundi wenzangu mjue hizi herufi zinazoa pini chini. R ya kwangu niliikuta na pini mbili za kushonea zimening'inia. Siku hizi nafagia kabla hajafungua boksi.

Jambo jingine, herufi ndogo hazimo, na shule zetu zinaanza na a e i o u za herufi ndogo. Hizo namchorea kwa chaki ya kupimia nguo, anazifuatisha kwa kidole.

Ukienda kununua, omba boksi lifunguliwe kabla ya kulipa. Vuta sumaku kwa kucha, moja baada ya nyingine; inayotikisika irudishe. Na upatane bei ya seti mbili kwa mpigo, kwa sababu ya pili utairudia tu.