Truecaller au M-Pesa: nani kanipigia?

Namba ngeni imekupigia mara tatu ukiwa kwenye matatu ya Kayole. Truecaller, programu ya simu ya kutambua anayepiga iliyoanzia Sweden mwaka 2009, huokota majina kama watu walivyoyaandika kwenye simu zao. Mimi iliwahi kuniletea "Fundi Bomba Usilipe Kwanza". Nilicheka, ila sikulipa kwanza. Matapeli wengi pia huwa wameshatiwa alama humo.

Jina la usajili nalipata M-Pesa: naanza kutuma shilingi kumi, jina linatokea, naghairi kabla pesa hazijaondoka. Nikitumiwa namba mpya ya kulipia kodi ya nyumba, huanzia hapo. Laini isiyo na M-Pesa, unaambulia patupu. Na iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mama mkwe itakuonyesha mama mkwe.