Redio ndogo ya memori kadi: miezi minne nayo kando ya cherehani, na albamu zilizomo

Nashona nguo Magomeni, Mtwara mjini. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jua linazama mimi ni wa kiti na pedali, na bila muziki siku haisogei. Zamani nilikuwa nasikilizia simu, lakini simu ya fundi ndiyo ofisi yenyewe. Mteja anapiga wimbo ukiwa umekolea, bando linakata, ikifika saa nane chaji imekwisha na kuna mtu njiani anataka kunitumia hela ya kitenge. Mwezi wa tisa nikasema basi, muziki upate kifaa chake. Nikaenda pale sokoni nikanunua redio ndogo ya kuweka memori kadi, elfu ishirini na tano. Muuzaji alianzia thelathini na tano, akanuna kidogo, tukaelewana.

Ni ya plastiki, nyekundu, inabebeka kwa mkono mmoja. Ina FM, tundu la flashi, tundu la kadi na blututhi. Ukiiwasha kuna dada humo ndani anatangaza kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa kuliko muziki wenyewe, na hakuna kitufe cha kumnyamazisha. Siku moja nilikuwa na nguo za harusi, nikakaa kazini kabla ya adhana ya alfajiri, nikaiwasha bila kufikiri. Nyumba nzima iliamka, na ya jirani.

Kasoro kubwa lakini haikuwa ya redio, ilikuwa ya kadi. Nilimpelekea kijana mmoja anayeingizia watu nyimbo, nikamwambia nataka albamu tatu. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kupima maji kwa rula. Akanijazia nyimbo mia nne na kitu, mchanganyiko, wimbo mmoja umejirudia mara tatu, na nyingine katikati yake kuna mtu anapayuka jina la tovuti yake. Nilivumilia wiki mbili. Mtoto wa dada yangu, yuko sekondari, ndiye aliyeifuta yote na kuanza upya. Hapo tukagundua kitu ambacho anayenunua redio hizi afadhali akijue mapema: hazifuati namba ya wimbo wala herufi ya jina. Zinapiga kwa mpangilio ule ule nyimbo zilivyoingia kwenye kadi. Ukizikokota zote kwa pamoja kutoka kwenye kompyuta, wimbo wa tisa unaweza kutangulia wa kwanza. Dawa yake ni kukaa na kuingiza mmoja mmoja, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Inachosha, lakini ni mara moja tu.

Albamu iliyokaa humo muda mrefu kuliko zote ni Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila, ya mwaka 1989. Ilitoka Real World, lebo ya Peter Gabriel huko Uingereza, ila ukiisikilizia kibarazani Mtwara, Uingereza haikujii kichwani hata kidogo. Mzaliwa wa Kongo yule, akawa mtu wa Dar es Salaam kiasi kwamba mpaka leo daladala zinashusha watu "Sinza kwa Remmy", na yeye alishafariki tangu 2010. Mimi nilikuwa naijua Kipenda Roho peke yake, kama watu wengi. Kuisikia ikiwa katikati ya wenzake ni kitu kingine. Magitaa hayana haraka. Moja linasema, la pili linajibu, la tatu linazunguka chini yao kama mtu anayefagia uwanja huku akisikiliza mazungumzo ya wageni. Napiga pindo la gauni zima, nakata uzi, nageuza, na wimbo bado haujafika mwisho. Kisha sauti yake inaingia, ile ya mtu anayelalamika na kucheza kwa wakati mmoja. Sauti ya Mnyonge niliirudia mara nne siku ya kwanza, na mteja aliyekuwa anasubiri suruali hakuniambia nibadilishe.

Na hapa redio yenyewe inafanya vizuri mno, kuliko nilivyotegemea kwa bei ile. Spika yake ni moja, ndogo, besi haina kabisa. Lakini gitaa na sauti ya mtu zinatoka safi, unasikia hata kidole kikiteleza kwenye waya.

Basi kijana wa bodaboda anayeegesha mbele yangu akaanza: dada, muziki wa wazee kutwa nzima, Konde Boy yuko wapi? Huku kwetu swali hilo huwezi kulikwepa, Konde Boy ndiye Harmonize, mtoto wa Mtwara, na hilo jina la Konde ni sisi Wamakonde wenyewe. Tukaweka Afro East, ya 2020, nyimbo 18. Maoni yangu, na kijana wa bodaboda ameshanitukana kwa hayo: ni nzuri mpaka katikati. Wageni wamejaa, Lady Jaydee akiwemo, na yeye namsamehe kila kitu. Ila ingeishia nyimbo kumi na mbili ningeipenda zaidi. Ni kama sherehe ambayo MC hataki kushusha maiki. Tena redio yangu inaionea. Muziki huu umetengenezwa kwa sabufa. Kwenye spika yangu besi inageuka kukwaruza, na redio inatembea yenyewe juu ya meza mpaka nimeikuta pembeni kabisa, karibu kuanguka. Nilijaribu kuiweka ndani ya sufuria tupu, ujanja wa mama yangu; sauti ilikua, mkwaruzo nao ukakua. Kama unasikiliza singeli au Bongo Fleva ya siku hizi, usipoteze hela yako kwenye hii. Tafuta sabufa.

Aliyenishangaza ni mzee jirani, mstaafu wa bandari. Hupita kila jioni kunisalimu. Nikamuuliza yeye angeweka albamu gani. "Albamu ndiyo nini, mwanangu?" Yeye ni mtu wa Msondo, bendi ya dansi, tangu inaitwa NUTA Jazz miaka ya sitini, ikaja JUWATA, ikaja OTTU. Bendi ya Sikinde kwake ni watoto, walianza 1978. Akanieleza kwamba zama zao bendi iliingia studio ya Radio Tanzania, ikarekodi nyimbo zake, zikapigwa redioni, na wewe ukizitaka kwa mfuatano unakwenda dansini. Wakati anasema hivyo ndipo nilipoelewa kwa nini kiredio changu kinazipenda nyimbo za zamani. Zilirekodiwa zisikike kwenye redio kama hii hii, ya spika moja, dirishani.

Kesho yake akaleta karatasi. Nyimbo kumi na moja, zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, zina namba, na mbili zimekatwa zikahamishwa. Huu uanze, huu ufuate, huu usiwe karibu na ule kwa sababu vyote viwili ni vya msiba wa mapenzi. Mpwa wangu alizitafuta siku tatu, akaziingiza mmoja mmoja kwenye kadi ya peke yake. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko Remmy sasa. Wa saba na wa nane vinapopokezana, hata mguu kwenye pedali unapunguza mwendo.

Ya mwisho ni betri. Inatumia BL-5C, ile ile ya simu za kitochi za Nokia, na hilo ndilo jambo la busara kuliko yote lililofanywa na aliyeitengeneza. Ya kwanza ilivimba mwezi wa tatu tangu niinunue redio, wiki ile ile ya hela za korosho ambapo vitenge vinapangana mpaka dirishani. Nilinunua nyingine elfu tatu, nikabadilisha kwa ukucha, kazi ikaendelea. Umeme ukikatika inaimba saa nne, tano nikiweka sauti chini.

Kadi ya mzee naiweka kwenye kopo la vifungo. Akikohoa tu nje ya mlango, namtoa Konde Boy.